Kitambaa cha Betri

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu za mama yako, mzima, ila mguu ndio unaonisumbua asubuhi. Ukishapata moto unanyamaza. Wewe hujambo? Unakula? Siku ile ulipokuja na mafundi niliona shingo yako imekuwa nyembamba ndani ya hiyo kola mpya. Nilinyamaza kwa sababu ya wenzako.

Taa inawaka. Cherehani nimeisogeza chini yake, na sare za shule ambazo zingenichukua wiki nzima nimezimaliza juzi. Shoga yangu muuza mkate, jirani hapa, alikuja kuangalia. Akawasha, akazima, akawasha, akazima, mpaka nikamwambia ukiiunguza utaninunulia nyingine.

Lile boksi la betri nimeliacha pale pale sebuleni mlipoliweka. Lakini ni libaya, mwanangu, jeusi tii kama sanduku la fundi bomba. Nimelishonea kitambaa. Kitambaa cheupe, ukingo wa kijani, na katikati nimedarizi maua matano. Manne mekundu. La tano uzi mwekundu uliniishia nikalimalizia kwa rangi ya chungwa, usicheke. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, sasa betri iliyotuletea mwanga ndiyo ikae uchi?

Habari ya ruzuku nieleze tena polepole. Watu wananiuliza barabarani, na mimi najibu kama waziri huku sina ninalolijua. Kinyozi anasema ni ya bure, shoga yangu anasema hakuna cha bure. Wewe wanakuita Bwana Jua siku hizi. Nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia vizuri sana.

Mama yako


Tarehe 24 Februari

Shikamoo mama,

Barua yako imefika salama, dereva wa lori la unga amenipa mkononi. Mimi mzima, nakula, na shingo ni ile ile uliyonizaa nayo. Mguu usiudharau, nenda ukapimwe.

Ruzuku ni hivi. Kuna mfuko unaotaka watu waweke umeme wa jua, kwa hiyo unalipa nusu ya bei. Mwenye nyumba anatoa kianzio, kampuni yetu inafunga vifaa, na mimi napiga picha: paneli juu ya bati, betri ndani, mwenye nyumba kasimama kando. Picha na saini zikifika kwenye mfuko, kampuni inalipwa nusu yake. Kila nyumba inasaidiwa mara moja tu maishani. Na mtaa ukifikisha nyumba kumi, mfuko unaongeza taa ya barabarani, hiyo ndiyo ya bure. Mwambie Kinyozi wote wawili wamepatia.

Mama, mtaa wetu ukifika kumi, mimi napandishwa. Bosi ameniita ofisini, akanishika bega, akasema vijana kama mimi ni wachache. Waambie wenzako. Mimi wataniona mtoto wa juzi, lakini wewe umewavisha wote, wanakuamini.

Jambo moja. Vifaa vya mtaa mzima bado viko njiani. Bosi anasema tuazime vyako kwa siku moja viwe sampuli, watu wapigwe picha navyo, karatasi zitangulie. Vyao vikifika vinafungwa mara moja.

Mwanao, Bwana Jua (umeanza wewe)


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ni vicheko tu tangu mlipoondoka. Mguu nimeupeleka, nimepewa mafuta ya kuchua yananuka hadi kwa jirani.

Siku ile ya picha wewe ulikuwa ukipanda na kushuka mapaa, hukuona ya ndani tulipokuwa tukijiandaa. Koti la Mwalimu Mstaafu lilivaliwa na wanaume wanne. Kinyozi alipolivaa mikono ilimfika kwenye kucha. Saa ya shoga yangu ilizunguka mkono kwa mkono. Nikakumbuka tulivyokuwa tukienda studio ukiwa mdogo, unaazima viatu kwa huyu, mkoba kwa yule, unasimama kando ya redio isiyo yako, na picha inatoka wewe ni tajiri. Basi ndivyo tulivyoazimana betri yangu. Bibi wa Kona, yule mjane wa kuku, hakuwa na cha kuazima, akasimama na kuku wake wa mwisho mkononi. Wengine aliwauza apate kianzio. Alikuwa haamini. Nikamwambia bibi, huyu ni mwanangu, mimi ndiye niliyembeba. Akaweka dole gumba.

Tumefika kumi! Vijana wa kampuni wamekuja wamechimba shimo la nguzo ya taa, katikati ya mtaa, mbele kidogo ya kwangu. Tumelifunika kwa ubao watoto wasitumbukie.

Vyangu vimechukuliwa kama ulivyoniambia siku ile ya picha, viende mji wa pili kwa wiki moja, watu wa huko nao wapigwe picha. Kitambaa kimekwenda na betri, sikupenda kuivua mbele ya wageni. Nimerudi kwenye taa ya mafuta lakini silalamiki. Nimekaa na moshi miaka mingi, wiki moja ni nini?

Mama yako


Tarehe 3 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Kuhusu vifaa, kuna ucheleweshaji kidogo upande wa mfuko. Kampuni inafuatilia kwa karibu. Wateja wote wanaombwa kuwa na subira na kutunza nakala za fomu zao.

Vyako pia vitarudishwa. Sitaweza kuja mwezi huu wala ujao, kazi imebana.

Mwanao


Tarehe 28 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta ulipo ndani yake, sikukuona. "Wateja wote wanaombwa." Mimi ni mteja wako? Nimekuogesha kwenye beseni, leo mimi ni mteja.

Nikueleze hali ilivyo. Asubuhi natokea mlango wa nyuma. Naruka mtaro wa maji machafu, na mguu huu, kisha nazunguka kwa mafundi seremala ili nisipite mbele ya kinyozi. Hanitukani. Angenitukana ningejua pa kushika. Nikipita anasimamisha mashine yake, ananiambia shikamoo, anaendelea, na yule anayenyolewa ananitazama kwenye kioo. Mwalimu alileta suruali nimpunguze, akaichukua haijaisha, akasema ataivaa hivyo hivyo. Mkate sijala siku nyingi, kwa sababu wa kuniuzia ni shoga yangu, na macho yake siyawezi. Yeye ndiye aliyesema hakuna cha bure.

Bibi wa Kona hajui aibu, ndiyo maana ni yeye peke yake anayekuja. Anakaa hapa kwenye benchi langu, ananiuliza, wamesema lini? Kila siku swali hilo hilo, kwa upole. Namwambia karibuni. Kisha akiondoka nasikia uso wangu unawaka nikiwa peke yangu humu ndani.

Na lile shimo lipo. Mvua imelijaza, ubao umeoza, kijana mmoja muuza maji juzi katumbukia humo na mkokoteni wake. Akauliza kwa sauti, hili shimo la nani? Mmoja akasema, la Bwana Jua. Si kwa kukusifu.

Niambie neno moja tu. Umeme unakuja au hauji? Ukisema hauji nitajua namna ya kusema kwa watu. Hili la kutojua ndilo linaloniumbua.

Mama yako


Tarehe 2 Agosti

Mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana ya mwisho niliyokuuliza hukujibu, na miezi miwili imepita. Kama unaumwa, nisamehe. Kama huumwi, soma hii hadi mwisho.

Jana amekuja dada mmoja, afisa wa ule mfuko. Alituita wote kumi, tukakutana sebuleni kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeandikwa kiongozi wa kikundi. Pale ilipokuwa betri sakafu ina alama nyeupe ya mraba, kila aliyeingia aliitazama.

Akatandaza picha kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Kwanza zetu. Watu walijisahau wakacheka, koti lile, kuku yule. Yule dada hakucheka. Akasema, kwa picha hizi na saini hizi, nyumba zenu zina umeme wa jua tangu mwezi wa tatu, kampuni imeshalipwa. Kinyozi akaruka, umeme gani, hizo zilikuwa za sampuli! Dada akasema anamwamini, lakini imani yake haifuti kitu. Nyumba inasaidiwa mara moja tu, na sisi tumeshahesabiwa. Hatutapata tena, labda aliyepiga picha aje mwenyewe aseme ni za uongo. Ofisi ya kampuni imefungwa, bosi haonekani.

Kisha akatoa picha nyingine. Mwanangu, nilitamani ardhi inifungukie. Nyumba nisizozijua, watu nisiowajua. Mzee mmoja kavaa viatu vinavyong'aa. Mama kabeba mtoto kamshika mkono aonekane anapunga. Na kwa kila mmoja, kando yake, kitambaa cheupe, ukingo wa kijani, maua manne mekundu na moja la chungwa. Picha zilijaa meza. Maua yangu yamesafiri kuliko mimi.

Dada akauliza, kuna anayekijua hiki kitambaa? Mwenyewe atatufikisha kwa mpiga picha.

Mle ndani hakuna asiyeujua mkono wangu. Shoga yangu alikaa na mimi nikidarizi, na yeye ndiye aliyeniazima ule uzi wa chungwa. Na hakuna asiyejua nani alipiga zile picha. Hakuna aliyesema. Hakuna hata aliyenitazama. Walitazama sakafu, mmoja mmoja, wakaniachia mimi. Wanajua kunyamaza kwao kunawafungia umeme wao wenyewe, na bado waliniachia.

Nikasema, sikijui.

Nimezaliwa, nimeolewa, nimezika mume, nimeshona miaka yote hii, na sijawahi kuikana kazi ya mkono wangu. Shoga yangu alipotoka alinigusa bega. Afadhali angenipiga kofi.

Dada anarudi tarehe ishirini. Niambie wewe, ulikuwaje hukukivua? Ulikuwa nacho mbele ya macho kila siku, picha baada ya picha, kazi ya mama yako. Hukuona?

Mama yako


Tarehe 11 Agosti

Mama, shikamoo. Siumwi.

Mwanzo nilikuwa naamini, nakuapia. Siku ya mtaa wetu niliamini kila nilichosema. Mji wa pili ndipo nilipomuuliza bosi vifaa vya mtaa wetu vimefika wapi, akacheka, akaniongezea mshahara. Nikaelewa. Nikakaa. Kila picha ilikuwa na bakshishi yake, nami nilikuwa nimeshachukua chumba chenye choo ndani, nimeshawaambia wenzangu mimi ni msimamizi. Nilijiambia ni mji mmoja tu. Halafu mwingine.

Ile barua ya "wateja wote" niliinakili kwenye karatasi ya ofisi, kwa sababu sikuweza kupata maneno yangu mwenyewe.

Umeniuliza kuhusu kitambaa. Ningependa kukwambia nilikiacha makusudi ili tukamatwe. Nimelala nikiutunga uongo huo, na ni mzuri, ungekufariji. Lakini si kweli. Bosi aliniambia nikivue siku ya kwanza kule mji wa pili, nikakivua, na siku hiyo watu walisita. Boksi jeusi, vijana wageni, karatasi za kusaini. Siku ya pili nikakirudisha. Mwanamke mmoja akakishika, akauliza nani kashona, nikasema mama yangu. Akasema, kumbe una mama, akatia saini. Kuanzia hapo sikukivua tena. Nilipofika kwenye nyumba nilikuwa nakitandaza kwanza, kabla ya kufungua fomu. Ndicho kilichokuwa kikiwafanya waamini.

Basi sasa unajua. Uliwapa watu jina lako mtaa mmoja, mimi nimeligawa miji mizima.

Nimeacha kile chumba. Nalala kwa rafiki yangu fundi matairi, anwani iko nyuma ya bahasha, ila usimpe mtu. Mama, nakuomba. Dada yule akirudi, endelea kusema hukijui. Umeshasema mara moja, hakuna atakayekushangaa. Watu wenyewe wamekustahi, wanyamazie. Baada ya muda watasahau.

Sina cha kusaini hapa.


Tarehe 22 Agosti

Mwanangu,

Hujambo. Mimi sijambo, mguu umevimba kwa kusimama.

Barua yako niliificha chini ya mto wa kiti cha cherehani, nikawa nashona juu yake siku zote hizo. Nimelia, sitakuficha. Sikulia kwa ule wizi, huo nilishaulilia. Nimelilia yule mwanamke aliyesema kumbe una mama.

Dada amekuja juzi. Tulikaa vile vile, kila mtu kwenye kiti chake cha siku ile. Akaanza kusema kama hakuna mwenye neno atafunga jalada. Nikasimama. Shoga yangu akanivuta gauni, taratibu, kaa, kaa. Nikautoa mkono wake. Nikasema, kitambaa ni changu, nimekishona mimi, mara ya kwanza nilidanganya, na aliyepiga picha ni mwanangu. Nikamkabidhi bahasha yako. Barua sikumpa, ile ni yangu. Bahasha yenye anwani ndiyo aliyopewa.

Ndiyo, nimekutoa. Ulinikataza na nimekutoa. Umeniomba niwanyamazie watu hawa wasahau. Bibi wa Kona asahau nini, kuku wake? Akae gizani hadi afe, na vitabuni imeandikwa ana taa, ili mimi na wewe tusitazamwe vibaya? Sikuweza.

Hakuna aliyenipongeza, usifikiri. Kinyozi alitema mate nje ya mlango akaenda zake. Mwalimu alisema tu, "Ulituambia umembeba mwenyewe." Nikamwambia, ndiyo, nimembeba. Leo asubuhi nilikuta mkate dirishani umefungwa gazeti. Sijui ni wa kunisamehe au wa kunihurumia. Nimeula wote.

Sasa natokea mlango wa mbele. Wananitazama, nami napita. Uso unaniwaka vile vile, lakini napita.

Dada amesema atasubiri siku chache kabla ya kuja huko na askari. Anasema anayekwenda mwenyewe na anayefuatwa hawapimwi sawa, na nyumba za watu hazifutwi kwa neno langu, zinafutwa kwa lako. Kuchagua ni kwako. Mimi nimemaliza uwezo wangu.

Barua yako hukuisaini. Umeandika huna cha kusaini. Mimi hapa chini sina shida hiyo, hata leo.

Mama yako


Tarehe 5 Septemba

Shikamoo mama, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Mguu uweke juu ya kiti unaposhona. Mimi mzima.

Nilikwenda ofisi ya mfuko Jumatatu, kabla hawajaja. Fundi matairi alinisindikiza hadi getini, akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia hapana, nikaingia. Dada yule alinitolea picha zote. Nilizitenga mji kwa mji na nikasema ya kila nyumba. Nilidhani nimewasahau wale watu, kumbe nawakumbuka mmoja mmoja. Yule mzee wa viatu aliniomba nimsubiri avipige rangi kwanza. Nilimsubiri. Nilisimama pale mlangoni kwake kwa adabu zote ulizonifundisha, nikijua ninachomfanyia.

Nyumba zitafutwa kwenye vitabu, za mtaa wetu na za kule kwingine. Wataomba upya kama watu ambao hawajawahi kupata. Vianzio vyao sijui, bosi hajapatikana. Kesi yangu ni mwezi ujao na dada hakunidanganya, huenda nikafungwa. Hadi hapo nimeruhusiwa kulala kwetu, mradi niripoti.

Nitakuja Jumamosi, mchana, kwa barabara ya mbele. Usije kunipokea. Nitaanza kwa Kinyozi, nitapita kila mlango hadi kwa Bibi wa Kona, na kwako nitaingia mwisho. Atakayenitukana nitasimama anitukane. Rafiki yangu ameniazima koleo, shimo nitalifukia mwenyewe kabla ya jua kuzama.

Kitambaa kilikuwa kwenye begi langu. Nilikuwa nimekifua nikuletee, lakini wamekizuia, ni ushahidi. Dada alikitandaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akaniuliza kama nakijua. Nikamwambia nakijua. Huo ni mkono wa mama yangu, na ua la tano ni la chungwa kwa sababu uzi mwekundu ulimwishia.

Mwanao